Duanwu Si Sikukuu ya Joka

Tufundishapo Kiswahili pamoja na habari za mila za mataifa, mara nyingi twafasiri majina kutoka Kiingereza neno kwa neno. Ndivyo Duanwu, sikukuu ya Wachina iangukayo siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda yao, inavyopata jina la "Sikukuu ya Mashua za Joka". Jina hilo lina kasoro mbili, tena lasahau jambo kubwa.

Kasoro ya kwanza ni mashua. Mashua yetu huenda kwa tanga au kwa makasia. Vyombo vya Duanwu ni mitumbwi mirefu, myembamba, ipigwayo kafi kwa kufuata mdundo wa ngoma. Mvuvi wa Ziwa Malawi hawezi kuvichanganya.

Ya pili ni nzito zaidi. Joka kwa Mswahili ni nyoka mkubwa wa kutisha, na msomaji wa Biblia amjua katika Ufunuo kuwa ndiye Shetani. Kwa Wachina, mnyama huyo ni bwana wa maji na mvua, ishara ya heri. Mwanafunzi asikiapo "joka" atadhani watu wanaitukuza shari, kumbe mila zenyewe ni za kuikinga: joto la kiangazi liingiapo, majani yenye harufu kali hutundikwa milangoni, na watoto hufungwa nyuzi za rangi tano ili kuepushwa na maradhi.

Lililosahauliwa ni mshairi. Masimulizi yanayojulikana zaidi hueleza kwamba siku hiyo ni ukumbusho wa Qu Yuan, mshauri wa mfalme wa Chu, aliyesingiziwa akafukuzwa, akatunga mashairi uhamishoni, na mwaka 278 kabla ya Kristo akajitosa katika mto Miluo. Watu walimtafuta kwa mitumbwi, wakatupa wali majini ili samaki wasiule mwili wake. Hiyo, wasema, ndiyo asili ya zongzi, wali wa kunata unaofungwa kwa majani ya matete au ya mianzi, ambayo wenyeji wa Lilongwe huiita nsungwi. Ni kweli kwamba mtaalamu Wen Yiduo, naye mshairi, alishikilia kuwa sikukuu ni kongwe kuliko Qu Yuan. Walakini hoja hiyo haimpunguzii heshima; yaonyesha kwamba watu walimpa mshairi nafasi ndani ya mila waliyokuwa nayo tayari.

Hapo ndipo somo linapowagusa wanafunzi wa Dzaleka. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994, na wakazi wake sasa wamepita 50,000. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Mwaka 2014 mshairi mkimbizi kutoka Kongo, Menes La Plume, alianzisha humo tamasha, akaliita kwa neno la Kiswahili: Tumaini. Mwanafunzi wa hapo hahitaji kufafanuliwa maana ya uhamisho. Tukimpa joka peke yake, tumemnyima mtu ambaye angemwelewa mara moja.

Basi twapendekeza jina libaki Duanwu, chombo kiitwe mtumbwi, na somo lianze kwa mshairi.