Mbinu ya kutunza katika ngoma ya mganda

Kitenzi "kutunza" kina maana mbili katika Kiswahili: kuhifadhi kitu kisiharibike, na kumpa mchezaji au mwimbaji zawadi papo hapo kwa kuridhishwa na kazi yake, maana ambayo pia husemwa "kutuza". Ni hii ya pili inayohusu mganda, ngoma ya wanaume ya mwambao wa Ziwa Nyasa, katika eneo lililo chini ya milima ya Umatengo, ambalo lilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012 likawa Wilaya ya Nyasa.

Mganda ni tawi la beni, yaani ngoma ya kuigiza bendi na gwaride la kijeshi, iliyochipuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuchambuliwa kwa kirefu na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975. Askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliieneza bara, na mwambao wenyewe ulivionja vita hivyo mapema, kwani Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliilemaza Hermann von Wissmann ya Wajerumani huko Liuli, bandari iliyoitwa wakati huo Sphinxhafen. Tarumbeta za shaba hazikuwepo vijijini, hivyo nafasi yake ikachukuliwa na kibuyu kilichotobolewa tundu, nalo tundu likazibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji hakipulizi kibuyu hicho bali huimba ndani yake, utando ukatetema na kuipa sauti ya binadamu mkwaruzo wa tarumbeta. Kibuyu kikubwa huchukua sauti nzito, kidogo sauti nyembamba, na ngoma kubwa huzifunga zote katika mwendo mmoja.

Ustadi wa kupokea fedha umejengwa juu ya gwaride hilohilo. Wachezaji husimama kwa mistari, wakiwa na sare na kiongozi, na uzuri wao umo katika kunyanyua mguu kwa pamoja. Mchezaji akivunja mstari ili kuifuata noti, ameharibu kitu kilekile kinachotunzwa. Kwa hiyo anayesogea ni mtazamaji, ambaye huingia uwanjani mbele ya macho ya wote, na kwa hatua hizo chache naye huwa sehemu ya mchezo, akitazamwa na kupimwa ukarimu wake. Anayeuita utaratibu huu kuombaomba (na wapo) amekosea kuona ni nani aliyemwendea mwenzake.

Tofauti huonekana zaidi ukiulinganisha na vituo vya treni za chini ya ardhi za London, ambako tangu mwaka 2003 wanamuziki wenye leseni hupiga mahali palipotengwa, na mpita njia huweza kudondosha sarafu bila hata kusimama. Ndugu wa karibu wa mganda katika jambo hili ni taarabu, ambayo mtunzaji wake hulifuata jukwaa akicheza, noti ikiwa mkononi.

Kikundi kinapoitwa kumpokea kiongozi, malipo huenda yakawa yamekwisha kupatanwa na watazamaji wakatengwa nyuma ya kamba. Hata hivyo, mgeni rasmi akitaka kutunza, hana budi kuinuka kitini, kuteremka jukwaani na kuvuka uwanja hadi kwenye mstari, ambao hausimami kwa ajili yake.