Nyota za Babeli

Usiku wa Julai 27, 2018 mwezi ulipatwa, ukabaki mwekundu kwa zaidi ya saa nzima. Simu yangu haikutulia: unabii umetimia, tubuni. Shangazi yangu alinipigia kuuliza, tena kwa dhati, kama kuna haja ya kulipa kodi ya Agosti.

Nilirudi kwenye Isaya 13. Humo jua linatiwa giza lingali linachomoza, mwezi haung'ai, nyota zinagoma. Ukiuchomoa mstari huo peke yake utatafuta darubini. Ila sura yenyewe inaanza kwa kuitaja Babeli, na mbele kidogo Wamedi wanatajwa kwa jina. Hapo tuko kwenye siasa, jamani.

Babeli iliangukia mikononi mwa Koreshi mwaka 539 K.K. Silinda yake ya udongo, ambayo sasa iko British Museum, inajigamba kwamba aliingia mjini bila vita. Jua liliendelea kuchomoza. Basi nabii alikosea? Sidhani. Babeli ilikuwa na wataalamu waliolitazama anga usiku kwa usiku na kuandika walichokiona kwenye vibao vya udongo. Jua kwao lilikuwa mungu Shamash, mwezi mungu Sin. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba taa zote za juu zitazimwa ni kumgusa panapouma. Ezekieli 32 anamfanyia Farao vilevile, katika nchi iliyomwabudu Ra. Na sisi tukisema nyota ya fulani imezimika, nani hukimbilia dirishani?

Lakini wale wa "ni tamathali tu" nao wananikera. Hiyo "tu" ndiyo shida. Katika sura hiyohiyo, mstari wa 16, watoto wachanga wanapondwa mbele ya wazazi, nyumba zinaporwa, wanawake wananajisiwa. Hapo hakuna tamathali. Nimeandika habari za vita vya kutosha kujua kwamba mambo hayo hayakuisha na Babeli. Mimi naisoma giza ile kutoka ndani ya nyumba hizo: kwa mama yule, jua kweli limezimika. Kinachonisumbua ni kwamba nabii hamlilii.

Shangazi nilimwambia alipe kodi.

"Sasa mwanangu, ule wekundu ulikuwa wa nini?"

Nikamwambia ni kivuli cha dunia. Akanyamaza, kisha akakata simu.