Ndia Kuu, Kutoka Usawa wa Baraza

Nikwambie ukweli, sikutegemea kuandika uhakiki wa maelekezo ya watalii. Lakini mwongozo wa simu wa kujitembeza mwenyewe Mji wa Kale wa Mombasa, ule wenye toleo la sisi wa viti vya magurudumu, ni maandishi kama maandishi mengine. Una msimulizi, una mpangilio, una msomaji aliyekusudiwa. Safari hii msomaji huyo nilikuwa mimi. Niliupakua, nikaenda na mpwa wangu, tukaanzia Fort Jesus asubuhi kabla jua halijawa kali. Walioutunga siwataji.

Nianze na sifa. Sehemu bora kabisa ni zile sentensi fupi za njia: wapi mtaro hauna kifuniko, wapi lami imevimba, wapi usubiri tuktuk ipite kwanza. Hazina pambo hata kidogo. Aliyeziandika anajua gurudumu dogo la mbele linakwama vipi, na nilizisoma kwa raha ile ya kumsoma mtu anayejua anachokisema.

Halafu historia inaingia, na msimulizi anasimama wima. Inua macho, anasema, tazama roshani za mbao. Nikainua. Ni nzuri, sibishi, ila mtaa ni mwembamba, na kutoka kitini nilichokiona zaidi ni sakafu zake kwa chini. Kilichokuwa mbele ya macho yangu ni mabaraza. Mtu aliyeketi barazani na mimi niliye kitini tunatazamana sawasawa. Hakuna anayeinama kunisalimia kana kwamba mimi mtoto. Muuza kahawa alinijazia kikombe kutoka kwenye dele, "Karibu, shekhe," na miguu yangu haikuulizwa. Mwongozo unayataja mabaraza mara moja tu, kama kitu kinachopunguza upana wa njia. Kweli yanapunguza. Lakini mazungumzo yote ya mtaa yako pale! Njia wameipima kwa kiti changu, hadithi wakaiandika kwa macho ya mtu aliyesimama.

Kosa kubwa liko karibu na Leven House. Toleo la kawaida linateremka ngazi za Leven. Letu linasema kuna ngazi, geuka. Basi, limeisha. Yaani nikinyimwa ngazi, na hadithi pia ninyimwe? Jina hilo ni la meli ya kivita, HMS Leven, ya Nahodha William Owen, aliyeiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1824. Wamazrui wenyewe ndio walioutaka ulinzi huo, kwa kumhofia Seyyid Said, na kufikia 1826 Waingereza walikuwa wameshajitoa. Kusikia hayo hakuhitaji mtu ashuke hata kidato kimoja.

Na kwetu sisi wapenzi wa fasihi kuna pengo jingine. Miaka hiyohiyo Muyaka bin Haji alikuwa hai mjini humu, akitunga upande wa Wamazrui. Hatajwi katika toleo lolote, la ngazi wala lisilo na ngazi. Mtaa wenye jina la Kimvita, lugha aliyotungia, unasimuliwa bila mshairi wake, na sauti ya kwenye simu inatamka "Njia Kuu" kana kwamba inamsahihisha mtu.

Upakue? Ndiyo, kwa ajili ya zile sentensi za mitaro. Nikipata nafasi ningemwomba mwandishi wake aandike mwongozo mzima, historia na yote.

Pale juu ya ngazi mpwa wangu alikuwa ameshashika vishikio.

"Mjomba, simu inasema tugeuke."

"Iache iseme. Funga breki."

Nikamweleza habari ya Owen na Wamazrui, na jinsi Muyaka alivyokuwa akitumia mashairi kama silaha. Akakaa kwenye kidato cha kwanza, usawa wangu.

"Kwa hiyo walimwita wenyewe, halafu akawaacha?"

"Serikali yake ndiyo iliyokataa."

"Na huyo Muyaka alisema nini?"

Tulichelewa kurudi.