Simu Imezimwa, Halafu?

Kuna hadithi moja ambayo sisi vijana wa Arusha tumeiandika hadi imechakaa. Kijana amechoshwa na simu. Anaiacha nyumbani Sakina, anaingia geti la Momella, anapanda Meru. Saa ya kwanza mkono unapapasa mfuko mtupu. Akifika vibanda vya Miriakamba ameshasikia ndege, amemkumbuka bibi yake, na moyo umetulia. Mwisho.

Kwa upande wa fani sina ugomvi. Maudhui ndiyo ya uongo, na uongo wenyewe uko kwenye huo utulivu. Umekuja upesi mno. Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha majaribio ya wanasaikolojia wa Marekani. Mtu aliachwa chumbani peke yake robo saa, hana simu wala kitabu, ana kitufe tu cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Yaani jamani, afadhali shoti kuliko mawazo yako mwenyewe! Mhusika wetu yeye anayapokea mawazo yake kama wageni wa harusi.

Wazee nao hutuambia kwamba zamani vichwa vilikuwa shwari. Ni kweli Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, na watu waligombania riwaya za akina Elvis Musiba. Lakini wale hawakuwa wameacha kitu. Nani analilia pilau ambayo hajapata kuionja? (Na huko mlimani tunakokimbilia, tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi imefika Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro.)

Kinachonikera zaidi ni hiki: katika kila hadithi, kitufe cha kuzima kiko mkononi mwa mhusika. Sisi tuliozimiwa tunajua mengine. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima, huku kukiwa na ghasia na vifo. Ndege sikuwasikia. Nilisikia kila pikipiki iliyopita, nikiuliza moyoni inamkimbiza nani. Simu nilikuwa naifungua, naifunga, naifungua tena, ilhali najua hakuna kitu. Tulilala tunajua machache kuliko tuliyoamka nayo, na mahali pa habari uvumi ulijaa. Baada ya siku tano, Novemba 3, mtandao uliporudi kwa kusuasua, wapo walioogopa kufungua ujumbe. Huenda ulikuwa wa msiba.

Hizo siku tano ndizo ninazozidai kwa waandishi wenzangu. Nipeni dada muuza mitumba wa Kilombero, wateja wake wote wako WhatsApp, anamwandikia mdogo wake aliyeko Mwanza, “Umefika salama?”, na tiki haitokei hata moja. Jioni bado hakuna. Asubuhi bado hakuna. Hadithi hiyo, hata Meru isipotajwa, nitaisoma mpaka ukurasa wa mwisho.