Chema Chajiuza? Sanaa za Mikono na Biashara ya Ukumbusho katika Mji wa Kyoto

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeizoea mno hata hatuihoji. Lakini tukiipeleka katika soko la mji wa kale, mahali ambapo mgeni hununua kitu cha kumkumbusha safari yake, tutaona kwamba yahitaji kuhakikiwa. Je, chema hujiuza kwa nani? Kwa mgeni apitaye, au kwa mwenyeji akitumiaye? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kuutazama mji wa Kyoto nchini Japani. Tumeuchagua mji huo kwa kuwa ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Japani tangu mwaka 794 hadi karne ya 19, na kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja mafundi wake walifuma, walifinyanga na walitia rangi kwa ajili ya kasri, mahekalu na nyumba za raia.

Njia iendayo kwenye hekalu la Kiyomizu ni ya kupanda mlima. Katika vichochoro vya ngazi viitwavyo Sannenzaka na Ninenzaka maduka yamepangana: vyombo vya udongo, pepeo za kukunja, vifuko vya kitambaa, udi wa kufukiza na vitu vitamu. Wajapani wana neno omiyage, yaani zawadi ambayo msafiri huwaletea waliobaki nyumbani. Kurudi mikono mitupu ni aibu, jambo ambalo sisi tunalielewa bila kufasiriwa. Kwa hiyo biashara hii si uzushi wa watalii wa leo. Ina mizizi katika adabu ya wenyeji wenyewe.

Hata hivyo, tazama rafu moja ya duka. Vikombe viwili vimewekwa pamoja. Kimoja kimefinyangwa kwa mkono na kuchorwa kwa brashi. Kingine kimetoka kiwandani, na maua yake yamebandikwa kwa karatasi ya chapa kabla ya kuchomwa. Cha pili ni rahisi kwa bei na hung'aa zaidi. Mgeni mwenye haraka huchukua hicho. Hapo chema hakikujiuza. Kilishindwa, si kwa ubaya wake, bali kwa kukosa mtu akijuaye.

Aliyelitafakari jambo hili kwa kina ni Yanagi Soetsu, aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1961. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi lililoiharibu Tokyo mwaka 1923, alihamia Kyoto, akawa akizuru magulio ya mahekalu: la Toji tarehe 21 ya kila mwezi, na la Kitano tarehe 25. Akanunua mabakuli, vitambaa na vyombo vya jikoni ambavyo matajiri hawakuvijali. Wanawake wauzaji waliviita getemono, yaani vitu vya kawaida, vya watu wa chini. Mwaka 1925 yeye na wafinyanzi Hamada Shoji na Kawai Kanjiro waliunda neno mingei, yaani sanaa ya umma. Hoja yao ilikuwa kwamba uzuri wa kweli hukaa katika chombo kilichotengenezwa kwa wingi na fundi asiyetia sahihi, kwa matumizi ya kila siku na kwa bei ya mtu wa kawaida.

Hoja hiyo ni nzuri, nasi tunaikubali nusu. Nusu tunayoikubali ni ile isemayo kwamba matumizi ndiyo mwalimu wa fundi. Bakuli linaloshikwa kila asubuhi haliwezi kuongopa. Likiwa zito mno au likichoma vidole, litarudishwa. Nusu tunayoikataa ni ile idhaniyo kwamba hali hiyo yaweza kudumu kwa mapenzi ya wakusanyaji. Kiwanda kilipoanza kutoa bakuli rahisi, bakuli la mkono lilipanda bei, na sanaa ya umma ikawa anasa ya wachache. Hamada mwenyewe, mtetezi wa fundi asiye na jina, alitangazwa na Serikali mwaka 1955 kuwa mwenye kuhifadhi sanaa ya thamani kwa taifa. Kawai alizikataa heshima za namna hiyo. Tunaona Kawai ndiye aliyekuwa mwaminifu zaidi kwa fikira yao. Lakini vyombo vyake navyo leo huthaminiwa kwa jina lake.

Serikali ya Japani haikukaa kimya. Mwaka 1974 ilipitisha sheria ya kukuza sanaa za jadi za viwanda vidogo. Ili kitu kitambuliwe, sharti kiwe cha matumizi ya kila siku, sehemu kubwa ya kazi ifanywe kwa mkono, ufundi na malighafi viwe vya jadi, na watengenezaji wawe wengi kiasi katika eneo moja. Vitambaa vya Nishijin vilitambuliwa mwaka 1976, na vyombo vya Kiyomizu mwaka 1977. Sheria hiyo ni ya busara, kwa maana sharti lake la kwanza ni matumizi. Lakini sheria yaweza kubandika alama juu ya kitambaa. Haiwezi kumvika mtu kitambaa hicho.

Mfano wa Nishijin unatuthibitishia hilo. Wafumaji wa mtaa huo hawakuogopa mageuzi. Mwaka 1872 Kyoto iliwapeleka mafundi watatu mjini Lyon, Ufaransa, kujifunza mtambo wa Jacquard. Wawili walirudi na mitambo. Wa tatu, Yoshida Chushichi, alizama na meli mwaka 1874 akiwa njiani kurejea. Ufumaji ukasitawi, kwa kuwa wanawake wa Japani bado walivaa kimono na mshipi wake mpana wa hariri. Kilichoudhoofisha baadaye si mashine. Ni kabati la nguo. Wenyeji walipoacha kuvaa kimono isipokuwa siku za sherehe, Nishijin ilipoteza waamuzi wake. Leo wageni hukodi kimono za nyuzi za kiwandani kwa siku moja, wakapigwa picha, wakazirudisha. Picha elfu moja za namna hiyo hazitoshi kumlipa mfumaji mmoja wa mshipi wa hariri.

Pengine msomaji atasema mambo hayo ni ya mbali. Basi na atazame khanga. Katika miaka ya 1950 na 1960 khanga nyingi zilizovaliwa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zilipigwa chapa Japani. Wapigaji chapa hawakuzivaa. Mbona basi khanga haikugeuka kitu cha ukumbusho? Ni kwa sababu wanawake wa pwani walijua pindo lake, mji wake na jina lake. Iliyokuwa na jina baya au rangi isiyotulia ilibaki dukani. Mtengenezaji wa mbali alitii macho ya mvaaji.

Basi methali yetu tuisahihishe kwa heshima: chema chajiuza mahali penye wajuzi. Walimu wetu, mnapofundisha utamaduni, msiishie kuonyesha ukili na kawa ndani ya kabati la vioo. Mwanafunzi na aulizwe: mkeka huu umesukwa vizuri au vibaya, nawe umejuaje? Atakayeweza kujibu ndiye atakayemlinda msukaji. Taifa lisilojua kununua kazi za mikono yake litabaki na maduka ya kuwauzia wapitao, na mafundi wasio na wa kuwakosoa.