Fumbo la Kanda: Uhakiki wa The Handmaid's Tale

Katika riwaya hii ya Margaret Atwood (1985), mwanamke anakamatwa akitorokea Kanada pamoja na mumewe na binti yao. Mtoto ananyang'anywa, mama anapelekwa katika nyumba ya mmoja wa wakuu wa Gileadi, dola iliyoipindua serikali ya Marekani, amzalie mke wa mkuu huyo. Watawala wajitetea kwa kisa cha Raheli na Bilha katika kitabu cha Mwanzo. Lakini Bilha naye hakuulizwa.

Kifani, taharuki yajengwa juu ya swali moja: mwishowe aliokolewa au alisalitiwa? Kwa maoni yetu, fumbo zito zaidi limo katika kiambatisho, ambamo wataalamu wa mwaka 2195 wanazichambua kanda alizorekodi. Profesa wao, akishindwa kumtambua mwanamke, hamu yake yahamia kwa bwana. Tena awasihi wenzake wasiihukumu Gileadi. Hivyo mwanamke anatekwa mara ya pili, safari hii na usomi.

Sisi tunaokusanya masimulizi ya wazee kwa vinasa sauti hatuna budi kujiuliza: twamsikiliza msimulizi, au twatafuta tarehe tu?