Sauti Juu ya Picha

Katika soko la Nyawera kijana mumoja muuzaji wa diski aliniuliza swali nisilolitazamia: «Padri, unataka ile yenye kusemwa, ao ile ya bubu?» Filimu ilikuwa moja, diski mbili. Katika diski ya kwanza wachezaji walisema Kiingereza chao, basi. Hiyo ndiyo aliyoiita ya bubu, ingawa watu walipiga maneno ndani yake toka mwanzo mpaka mwisho. Katika diski ya pili sauti ya mufasiri mumoja wa Kiswahili ilipanda juu ya sauti zao zote. Kwa kijana yule, filimu isiyo na mufasiri haijasema neno bado. Nilinunua zote mbili, nikapanda kilima nikilifikiri neno lake.

Ndugu wasomaji, wengi kati yenu mwajua desturi hii, kwani mumekua nayo. Ng'ambo ya Rusizi wenzetu Wanyarwanda wanaiita agasobanuye. Kampala wenye kazi hiyo wanaitwa ma-VJ, na Kenya kuna DJ Afro. Wasomi wa kwetu huicheka: wanaona ni mambo ya watoto wa barabarani. Mimi nataka kuipima kama tunavyopima kitabu ao hotuba, nikiweka pembeni yake desturi ya Wazungu inayofanana nayo sana kuliko wenyewe wanavyodhani.

Mwaka 1984 kampuni Criterion ya Marekani ilitoa filimu King Kong, ya mwaka 1933, katika zile sahani kubwa zilizoitwa laserdisc. Sahani hiyo ilikuwa na njia mbili za sauti. Katika njia ya pili waliweka sauti ya Ronald Haver, mutunzaji wa filimu katika jumba la sanaa la Los Angeles. Picha zinapita, naye anaeleza namna filimu ilivyotengenezwa. Zilipokuja diski za DVD, desturi ikaenea kila mahali: mutengenezaji anasema juu ya kazi yake, muchezaji anasimulia vichekesho, profesa anafundisha. Wengi wao, kusema kweli, hupoteza wakati wetu. Mutengenezaji anayesifu chakula walichokula siku ya kupiga picha hana cha kutupa.

Kati ya zile nilizopata kusikiliza, ninayopenda kuwapa wanafunzi kwanza ni ya Roger Ebert juu ya Citizen Kane, filimu ya Orson Welles ya mwaka 1941, katika diski ya 2001. Ebert hakuitengeneza ile filimu. Alikuwa mwandishi wa gazeti katika Chicago. Kazi yake ni moja tu: kutuonyesha. Tazama dari ya chumba, anasema. Wakati ule filimu za Hollywood zilificha dari, kwa sababu taa zilikaa huko juu. Tazama mutoto anayecheza katika theluji, mbali, nyuma ya dirisha, huku wazazi wanaamua maisha yake hapa karibu. Mutoto na wazazi wote wanaonekana wazi, kwani Gregg Toland, fundi wa kamera, alitaka ya karibu na ya mbali yaonekane sawasawa. Ebert alijizoeza kazi hii katika mikutano ya Boulder, Colorado, ambapo kwa miaka mingi alionyesha filimu moja kwa siku kadhaa, na mutu yeyote kati ya watazamaji aliweza kupaza sauti ili isimame. Mwalimu anayekubali kusimamishwa na mwanafunzi wa nyuma kabisa, huyo ni mwalimu.

Juu ya The Passion of the Christ ya Mel Gibson (2004) sitasema mengi. Diski ya mwaka 2007 ina njia ya sauti iliyo ya teolojia, na kati ya wasemaji wake yumo Padri William Fulco, Mujezuiti, ambaye ndiye aliyeweka maneno ya filimu katika Kiaramu na Kilatini. Waseminari watafaidika kumusikia. Lakini wasemaji ni wengi, na Mateso ya Bwana si mahali pa mazungumzo ya meza. Tena, filimu hiyo imechanganya Injili na maono ya mutawa Anna Katharina Emmerick, na Mukristu anayeiona parokiani bila musemaji atatoka akiamini kwamba yote yameandikwa katika Matayo ao Yoane. Hapo musemaji anahitajiwa kweli, hata kama ni katekista mumoja tu mwenye Injili mukononi.

Inayonisumbua zaidi ni ya Peter Cowie, Mwingereza, juu ya filimu ya Robert Bresson Journal d'un curé de campagne, ya mwaka 1951, iliyotoka katika kitabu cha Bernanos. Nadhani hakuna filimu nyingine inayofaa seminari kuliko hiyo. Padri kijana, mugonjwa, asiyependwa na watu wa parokia yake, anaandika kila siku katika daftari. Bresson ametuonyesha mukono unaoandika, ametusikilizisha sauti ya padri inayosoma anachoandika, halafu ametuonyesha jambo lenyewe. Jambo moja linakuja mara mbili ao tatu, na kila mara linazidi uzito. Padri huyo alichezwa na Claude Laydu, Mubelgiji, mwenye uso usiotuficha kitu na usiotulazimisha kitu.

Sasa angalieni taabu. Filimu hii tayari ina sauti juu ya picha: sauti ya padri mwenyewe. Cowie, ambaye ni mwandishi wa historia ya sinema, mwenye elimu na adabu, anapaswa kusema juu ya sauti inayosema. Kila anapofungua kinywa, padri wetu ananyamazishwa. Nilimusikiliza muda murefu kwa faida, na namushukuru kwa mambo aliyonifundisha juu ya Bresson. Lakini pale mwishoni, kinapobaki kivuli cha musalaba peke yake na sauti ya mutu anayesoma barua, mimi hurudi katika njia ya kwanza. Sisemi kwamba Cowie amekosa. Nasema kwamba kuna mahali ambapo hata musemaji muzuri apaswa kupisha, kama vile shemasi anavyosogea kando ya altare.

Kabla ya mashini hizi zote, kazi hii ilifanywa na watu. Wajapani walikuwa na benshi, waliosimama kando ya pazia wakisema filimu za bubu, na watu walilipa kwa ajili ya jina la benshi zaidi ya jina la filimu. Hapa Kongo, katika miaka ya 1940 na 1950, wamisionari walitengeneza filimu zao. Padri Alexandre Van den Heuvel, wa Shirika la Scheut, alifanya katika Léopoldville michoro ya Mboloko, yule paa mwerevu wa hadithi. Padri Albert Van Haelst, katika Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, alitoa vichekesho vya Matamata na Pilipili. Hapa Bukavu Mapadri Weupe walikuwa na Africa Films, kazi ya Padri De Vloo. Filimu za namna hiyo zilipoonyeshwa vijijini, mara nyingi mutu alisimama karibu na mashini akieleza kwa lugha ya watu. Aliweza kuwa mwalimu, karani ao katekista.

Majina ya mapadri yameandikwa vitabuni. Majina ya wasemaji wale, karibu yote, hayakuandikwa. Lakini ni wao waliosikiwa! Kila mutu aliyehubiri kwa njia ya mufasiri anajua jambo hili: wewe umesema neno fupi, yeye amesema refu, watu wamecheka, na hujui wamecheka nini. Filimu ilitoka kwa padri, maana yake ilitoka kwa yule mwenye kusimama gizani.

Ndiyo sababu siwezi kuwadharau wafasiri wa leo. Katika Dar es Salaam alikuwako Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye aliingiza sauti yake ya Kiswahili katika kaseti za filimu za ugenini. Hakuwa mufasiri wa neno kwa neno. Alisimulia, alionya, aliongeza maelezo, aliyavuta mambo ya mbali mpaka yakawa ya jirani. Profesa mumoja Mudachi, Matthias Krings, aliyechunguza kazi hiyo, aliandika makala yenye kichwa kinachosema juu ya kugeuza muchele kuwa pilau. Mufano huu ni muzuri, na unaeleza pia hatari yake. Pilau ni tamu kuliko muchele mutupu, nani atabisha? Lakini mwenye kula pilau kila siku hatajua tena kama muchele ulikuwa muzuri ao umeoza. Lufufu alikuwa fundi: sauti yake ina utulivu wa muzee anayesimulia motoni. Wale wanaomuiga sokoni kwetu wengi wao wana viungo tu, na sufuria haina muchele.

Na VJ Emmie wa Kampala? Huyo ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2010 Nabwana Isaac, katika mutaa wa Wakaliga, alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo sana, pamoja na majirani zake, kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Nakala iliyozunguka dunia tangu 2015 ina sauti ya VJ Emmie kwa Kiingereza, akisifu mashujaa, akicheka wachezaji, akitangaza filimu nyingine za ndugu yake Nabwana. Wazungu wanacheka sana. Nilipoisikia mara ya kwanza nilichukizwa na makelele hayo. Mara ya pili nilielewa. Emmie hasemi juu ya filimu: yeye ni muchezaji mumoja zaidi, aliyekaa kati yetu na picha, anayetupokea kama mwenye nyumba anavyopokea wageni mulangoni. Bila yeye, mugeni angeona umaskini tu. Pamoja naye anaona furaha ya watu waliofanya kazi yao. Kwa filimu ya kucheka inafaa. Mumoja wa wanafunzi wangu alitaka kufanya vilevile juu ya filimu ya mashahidi wa Uganda, nikamukataza, na mpaka leo hajakubali sababu zangu.

Papa Pius XII, katika barua yake Miranda prorsus ya mwaka 1957, alitaka watazamaji wafundishwe namna ya kutazama. Mapadri wa wakati ule walifuata shauri hilo kwa ciné-club: maneno machache kabla, filimu nzima kwa kimya, halafu mazungumzo. Ni njia nzuri, nami nimeifuata miaka mingi. Lakini yadai kwamba mutazamaji aielewe lugha ya filimu. Mama asiyejua Kifaransa hangojei mazungumzo; ameketi saa mbili kama kipofu. Kwa mama huyo sauti juu ya picha ni haki yake.

Haki hiyo hapa kwetu si muchezo. Mwaka 2015 Thierry Michel, Mubelgiji, pamoja na mwandishi Colette Braeckman, alitoa L'homme qui répare les femmes, juu ya Daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi. Mwezi wa Septemba mwaka ule serikali ya Kongo ilikataza filimu hiyo isionyeshwe. Kati ya sababu zilizotolewa na waziri Lambert Mende ilikuwa hii: ati maneno ya akina mama, waliosema kwa lugha za kwetu, hayakutafsiriwa kwa kweli, na hivyo jeshi limechafuliwa jina. Katika mwezi wa Oktoba katazo likaondolewa. Miaka mitatu baadaye Daktari Mukwege alipewa zawadi ya Nobel ya amani. Ona basi: mama amesema, na ugomvi wa wakubwa ni juu ya mufasiri wake. Mwenye kutaka kuzima ushuhuda si lazima amuite mama mwongo. Yatosha kumushitaki mufasiri. Nasi tunaoishi karibu na kiwanja cha Nyawera, ambapo Askofu Mukuu Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, tumeona mara nyingi picha za mwaka ule zikisemwa na sauti za mbali, zisizojua hata majina ya vilima vinavyoonekana.

Kwa sababu hiyo nilipoionyesha filimu ya Panzi katika chumba cha parokia, nilifuata njia ya Boulder: kila mutu aliruhusiwa kuisimamisha. Walikuwamo waseminari kumi na wawili, na wazee wanawake wa parokia ambao hawakualikwa lakini walisikia habari. Niliomba katekista mumoja, muzaliwa wa Walungu, awasemee pale filimu inaposema Kifaransa. Alianza vibaya, kwa sauti ya mahubiri, mpaka bibi mumoja akapaza sauti: «Simamisha! Mwalimu, sema polepole, hatuko kanisani.» Akashusha sauti. Akasema kidogo, kwa maneno mafupi, akiacha nafasi.

Halafu akaja mama wa kwetu kwenye pazia, akisema lugha ambayo wote chumbani waliielewa. Mwanafunzi mumoja akamugeukia katekista, akingojea. Katekista akatikisa kichwa, akaketi chini kati ya wale bibi, naye akatazama.